Babu yetu wa 36 KAR alikufaje Burma?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kaka yake babu yangu mzaa baba alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitler, hakurudi tena. Tumebaki na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Ina namba yake ya jeshi, jina moja tu, maandishi 36 KAR, Novemba 1944 (siku imefutika pale ilipokunjwa), na kwamba alikufa kwa majeraha. Baadhi ya wazee wa ukoo wanasema alikuwa mbeba mizigo tu, Mwafrika hakupewa bunduki. Wengine wananong'ona kwamba wenzake walimwacha porini. Aliishije huko? Kufa kwa majeraha kuna tofauti gani na kuuawa vitani? Na je, ana kaburi?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba ambao ukoo wenu umeubeba miaka 80 bila kujua ulitokea wapi. Karatasi hiyo ni fupi, lakini imesema mengi kuliko mnavyodhani. Ukiijua batalioni ya askari na ukaijua siku aliyokufa, unaweza kujua alikuwa bonde gani, anakwenda wapi, nani yuko mbele yake, na kwa kiasi kikubwa kazi aliyokuwa akiifanya. Batalioni unayo. Siku tutaitafuta.

Nianze na hilo la mbeba mizigo, maana linamnyima babu yako mkubwa haki yake. KAR ni King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Tanganyika, na ilikuwa batalioni ya askari wa miguu, watu wa bunduki na singe. Katika vita vya pili iliwekwa ndani ya Brigedi ya 26, pamoja na batalioni ya 22 ya Nyasaland na ya 44 ya Uganda, na brigedi hiyo ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nembo ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru. Aliyeandikwa 36 KAR hakuandikwa kuwa mpagazi.

Wazee wenu hawakutunga, ila wamechanganya vita viwili. Katika vita vya 1914 hadi 1918, vile tunavyoviita vya Mjerumani, wanaume wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba chakula na risasi za majeshi, na walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Wengi wao hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Jeraha hilo lipo bado katika koo nyingi, na ndiyo sababu neno "alikwenda vitani" huwafanya wazee wafikirie mzigo kichwani. Lakini babu yako alikwenda kizazi kimoja baadaye, na safari hii aliandikwa.

Tanganyika ilitoa watu wapatao 87,000 katika vita vya pili, Kenya kama 98,000, Uganda kama 77,000. Wengine walijitolea kwa ajili ya mshahara, kodi ikiwa inawabana nyumbani. Wengine machifu walitakiwa kutoa vijana, na kijana hakuulizwa. Karatasi yenu haisemi yeye alikuwa wa kundi gani, na mimi sitambunia.

Alipoandikishwa alipewa namba, na tangu siku ile namba ikawa ndiyo yeye. Makarani waliandika majina kwa masikio yao: wakapoteza herufi, wakabadili l kuwa r, wakamwacha mtu na jina moja kana kwamba hana baba. Namba haikubadilika. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye kutafuta.

Katikati ya mwaka 1943 Divisheni ya 11 ilivuka bahari kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, na huko ikakaa karibu mwaka mzima ikijifunza kupigana msituni. Kuruta aliyezoea kulenga shabaha kwenye uwanja mweupe alifundishwa upya: kutembea bila kukohoa, kutazama chini ya majani badala ya juu yake, kuchimba shimo kila jioni hata akiwa hoi, kuwasiliana kwa mkono. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, kile cha Keya, kifupi na kikavu, kwa sababu katika platuni moja mlikuwa na Mnyamwezi, Mhehe, Mngoni na Msukuma. Maofisa walikuwa Wazungu. Mwafrika alipanda hadi sajini meja, akaishia hapo. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana kuliko ule wa Mzungu aliyelala naye kwenye mvua ileile, na kiboko kilikuwa bado adhabu halali kwake. Nayasema haya kwa sababu mtu akisimulia ushujaa wa Keya akayaacha, amesimulia nusu.

Barua zilikuwepo. Wengi hawakujua kusoma walipoingia, na jeshi lenyewe likaanzisha kikosi cha elimu kilichowafundisha waliotaka. Asiyeweza aliandikiwa na mwenzake. Barua ilisomwa na wakaguzi kabla ya kuondoka, kwa hiyo isingeweza kutaja mahali. Ikiwa bibi zenu waliwahi kupokea barua isiyosema lolote ila salamu kwa kila mtu kijijini, msimlaumu mwandishi.

Sasa Burma. Kati ya Machi na Julai 1944 Wajapani walijaribu kuingia India kupitia Imphal na Kohima wakashindwa vibaya. Jeshi la 14 la Jenerali William Slim likawafuata walipokuwa wakirudi nyuma. Mvua za masika ya huko zilikuwa zimeanza, na kwa kawaida vita vilisimama mvua zikinyesha. Slim aliamua visisimame. Kazi ya kuwafukuza Wajapani kwa kushuka bonde la Kabaw, kutoka mji wa Tamu kuelekea Kalewa kwenye mto Chindwin, ilipewa Divisheni ya 11. Kwa barabara ya leo ni kama kilomita 150. Wakati ule haikuwa barabara, ilikuwa mkondo wa tope katikati ya misaji na mianzi.

Walioingia Tamu mwanzoni mwa Agosti walikuta mji wa maiti: mamia ya askari wa Kijapani waliokufa kwa njaa na maradhi wakiwa wamekaa ndani ya magari, wamelala barabarani, wengine kwenye ngazi za mahekalu. Kabla hawajapigana na adui aliye hai, kazi yao ya kwanza ilikuwa kumzika aliyekwisha kufa. Bonde lenyewe lilikuwa na jina baya tangu 1942, wakimbizi wengi walipofia humo wakitoroka kwenda India.

Uliniuliza aliishije. Sehemu kubwa ya maisha ya askari wa miguu pale haikuwa kupigana. Ilikuwa kutembea, kubeba na kuchimba. Mgongoni alikuwa na mzigo wa zaidi ya kilo 20: risasi, mabomu ya mkono, chakula cha siku kadhaa, turubai, sepeto, na mara nyingi sehemu ya risasi za bunduki ya rashasha aina ya Bren ambazo seksheni nzima ilizigawana. Kiunoni panga. Malori yalipozama, askari walikata miti na kuyalaza magogo ubavu kwa ubavu kilomita baada ya kilomita ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Kwa maneno mengine, waliijenga njia waliyoipigania. Chakula kilidondoshwa kwa parachuti. Mawingu yakikaa chini, ndege haikuja, na siku hiyo mlo ulikuwa biskuti ngumu na kopo moja la nyama kwa watu kadhaa. Unga ukija umelowa. Hata ukiwa mkavu, kuwasha moto wa kupika kulitegemea adui yuko umbali gani.

Na maradhi. Kila siku alimezeshwa kidonge cha mepakrini dhidi ya malaria, mbele ya koplo, mdomo wazi kuonyesha kimemezwa. Kidonge hicho kiligeuza ngozi na weupe wa macho kuwa manjano. Ruba waliingia kwenye matundu ya kamba za buti. Utitiri wa kwenye nyasi ulileta homa ya taifasi ya vichakani, ambayo iliua vijana wenye afya nzuri. Miguu isiyokauka iliota ukungu na kuchubuka. Madaktari wa jeshi lile waliwapokea wagonjwa wengi kuliko majeruhi, na hilo lilikuwa kweli kwa Wahindi, Waingereza na Waafrika vilevile.

Jioni ilikuwa na utaratibu wake. Kombania ilijipanga duara, kila watu wawili wakachimba handaki lao la kusimama, kina cha kifua. Mmoja akilala, mwenzake alikesha. Usiku Wajapani walituma watu wachache wajongee karibu, wapige kelele, warushe mawe, waite kwa lugha yoyote waliyoijua. Hawakutaka kushambulia. Walitaka askari mmoja mwenye hofu afyatue risasi, mwali wa bunduki uonyeshe Bren imewekwa wapi, kisha mzinga wa mota uanze kazi. Kwa hiyo askari mzuri wa usiku alikuwa yule aliyeweza kusikia mtu anakanyaga jani hatua chache mbele yake na asifanye chochote, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, bomu la mkono tayari, akingoja mpaka awe na hakika. Batalioni mpya zilikosea sana katika hili. Za Keya zilijifunza, na kujifunza huko kuligharimu watu.

Mchana ilikuwa doria. Hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu kama babu yako alijeruhiwa kwa risasi, huenda ilikuwa hivi. Seksheni ya watu kama kumi inatembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiacha nafasi ya hatua kadhaa. Njia ni nyembamba, mianzi imefunga pande zote, jicho linafika mita chache tu. Wa kwanza hatazami mbali. Anatafuta jani lililonyauka mahali ambapo majani mengine ni mabichi, maana tawi lililokatwa kufunika tundu la handaki hunyauka kwa siku moja. Anatafuta udongo mpya. Ananusa. Wajapani waliobaki nyuma kuwazuia wenzao wasifikiwe walijichimbia kwenye vilima vinavyotazama njia, chini ya magogo na udongo mzito, wakiwa na tundu dogo la kupitishia mtutu. Walikuwa na njaa na wagonjwa, lakini walikaa pale hadi kufa. Mara nyingi walimwacha wa kwanza apite, na wa pili, ndipo wakafyatua.

Anayeanguka katika dakika hiyo hajashiriki pambano kubwa lenye jina. Siku hiyo katika historia ya vita haina hata sentensi moja. Na hivyo ndivyo askari wengi wa miguu walivyokufa katika vita vile: katika doria ya asubuhi, wakienda kuchota maji, wakichimba, mota ikidondoka wakati wa chai. Watu hupenda kumpa marehemu wao kifo cha kwenye ukuta wa ngome, bendera mkononi. Mimi nakuomba usimpe. Kilichowatoa Wajapani bonde la Kabaw ni doria hizo hizo, mamia kwa mamia, kilima baada ya kilima, na kila moja ilihitaji mtu wa kutangulia.

Katika Novemba 1944 hali ilikuwa hivi. Mvua zilikuwa zimepungua na divisheni ilikuwa imeshapita Yazagyo, ikisukuma kusini. Tarehe 13 na 14 Novemba ilikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya India, iliyokuwa imeshuka kutoka milima ya Chin. Baada ya hapo ikageukia mashariki, kwenye bonde jembamba ambamo mto Myittha unapita kati ya vilima kuelekea Kalewa. Pale ndipo Wajapani walipoweka kizuizi chao cha mwisho kabla ya Chindwin, na mizinga yao ilikuwa imepimiwa njia. Kalewa ilichukuliwa tarehe 2 Desemba. Siku chache baadaye divisheni ilikuwa na watu ng'ambo ya mto, na wahandisi wakajenga hapo daraja la vyuma la Bailey lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati ule. Jeshi lililokwenda kuichukua tena Mandalay lilipita juu yake.

Ndiyo maana siku iliyofutika kwenye karatasi yenu ina uzito. Kama ni wiki ya kwanza ya mwezi, huenda alijeruhiwa kwenye njia ya kuelekea Kalemyo, bado katika bonde lenyewe. Kama ni wiki ya mwisho, fikiria vilima vya mto Myittha.

Sasa maneno "alikufa kwa majeraha". Katika hesabu za majeshi ya Uingereza kulikuwa na mafungu yaliyotenganishwa kwa makusudi. Aliyeuawa vitani ni yule aliyekufa palepale, au kabla hajafika kwa waganga wa jeshi. Aliyekufa kwa majeraha ni yule aliyefikishwa kwenye matibabu akiwa hai, kisha akafa. Aliyekufa kwa ugonjwa aliandikwa peke yake. Na aliyepotea aliandikwa amepotea, hadi muda upite na achukuliwe kuwa amekufa.

Mwanangu, soma tena karatasi yenu ukiwa na hilo akilini. Kama wenzake wangemwacha porini, angeandikwa amepotea. Ameandikwa alikufa kwa majeraha kwa sababu alifikishwa kwa waganga akiwa hai, na mara nyingi hiyo ilimaanisha watu waliomrudia majeruhi chini ya risasi, wakamfunga kidonda, wakamweka kwenye machela na kumbeba. Katika njia zile machela moja ilimaliza nguvu za watu wanne kwa muda mfupi, wakapokezana na wengine wanne, na wote hao hawakuwa na mikono ya kushika bunduki. Kile kinachonong'onwa ukooni kinapingwa na karatasi iliyo kabatini kwenu.

Safari ya majeruhi ilikuwa na vituo. Kwanza kituo cha matibabu cha batalioni, mara nyingi shimo au turubai mita mia chache nyuma, ambako daktari alizuia damu, akachoma sindano ya mofini na kufunga kadi kwenye nguo ya majeruhi ikieleza amepewa nini na saa ngapi. Kisha kituo cha brigedi, ambako angeweza kupewa maji ya damu yaliyokaushwa na kukorogwa upya. Kisha upasuaji. Kisha, kama kuna uwanja mfupi uliofyekwa na kukauka, ndege ndogo ilimchukua kwenda hospitali za nyuma upande wa Imphal. Alikufa kwenye kituo kipi, karatasi haisemi. Lakini kituo hicho ndicho kinachoamua alizikwa wapi, na hilo linatuleta kwenye kaburi.

Askari wa majeshi yale alivaa shingoni vibao viwili vya utambulisho vyenye jina na namba. Akifa, kimoja chekundu cha duara kilichukuliwa kama ushahidi, na kingine cha kijani chenye pembe nane kilizikwa naye. Karibu na mapigano alizikwa na wenzake, alama ya mti ikasimamishwa, na mahali pakaandikwa kwa tarakimu za ramani. Baada ya vita, vikosi vya makaburi vilizunguka kuyafukua makaburi hayo yaliyotawanyika na kuyakusanya. Msitu ulikuwa umeshakula alama nyingi. Vibao vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, si chuma, na katika udongo wenye maji vilioza.

Kwa hiyo yako mambo mawili yanayowezekana. Kama alifia hospitali ya nyuma, huenda ana kaburi lenye jina lake, kwa mfano katika makaburi ya vita ya Imphal, jimbo la Manipur nchini India, au Guwahati upande wa Assam. Kama alifia karibu na mstari wa mbele, huenda kaburi lake lilikusanywa hadi Taukkyan, kama kilomita 35 kaskazini ya Yangon. Kuna makaburi zaidi ya 6,000 pale, na mengine mamia hayana jina. Kama mwili haukutambulika au kaburi halikuonekana tena, jina lake litakuwa kwenye Mnara wa Rangoon, ambao umesimama katikati ya makaburi hayo hayo ya Taukkyan. Nguzo zake zina majina karibu 27,000 ya watu waliokufa Burma wasiojulikana walipolala, Wahindi wengi zaidi, na Keya wamo.

Usimtafute kwenye Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam. Ilizinduliwa 1927 kwa ajili ya vita vya kwanza na haina majina. Na kama kuna msomaji mwingine mwenye ndugu aliyekuwa wa mizinga na aliyeandikwa kufa baharini Februari 1944, huyo huenda alikuwa kwenye meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 mwezi huo. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya hao yako Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita.

Namna ya kutafuta. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake kwenye intaneti, na kutafuta ni bure. Weka namba ya jeshi kwanza, bila jina. Ikikataa, jaribu bila herufi za mwanzo wa namba, maana zimeandikwa kwa namna tofauti tofauti. Ikikataa tena, chagua kikosi King's African Rifles, weka Novemba 1944, nchi Myanmar, kisha India, usome orodha yote kwa macho yako. Usitegemee jina liwe kama mnavyolitamka. Jaribu l badala ya r, k badala ya g, ondoa irabu ya mwisho. Ukimpata, angalia chini ya jina: mara nyingine pameandikwa ni mtoto wa nani, wa kijiji na wilaya gani. Hapo ndipo utakapokuwa na hakika kwamba ni wenu na si mwenzake wa jina. Utapata pia siku yenyewe, na namba ya kaburi au ya ubao wa mnara.

Ukishapata siku, hatua inayofuata ni shajara ya batalioni. Kila batalioni iliandika kila siku ilikuwa wapi na kilitokea nini. Za majeshi yaliyokuwa Burma zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, katika fungu linaloitwa WO 172. Omba ya 36 KAR ya mwaka 1944. Huwa wanatoza gharama ya kunakili, kwa hiyo waombe kurasa za Novemba tu, na siku chache za mwisho wa Oktoba, kwa sababu aliyekufa kwa majeraha aliumia kabla ya tarehe iliyoandikwa. Jiandae kwa jambo moja linaloumiza: ofisa akijeruhiwa utaona jina lake, askari wa kawaida mara nyingi utaona hesabu tu, wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Usikate tamaa kwa hilo. Batalioni ilikuwa na watu kama 800, na siku zenye majeruhi katika mwezi mmoja si nyingi. Ukiwa na tarehe ya kifo chake na hesabu za siku zilizotangulia, utabakiwa na matukio machache, mara nyingine moja tu, pamoja na kilima na njia yake.

Nyumbani nako ulizeni kabla wazee hawajaondoka. Habari ya kifo ililetwa na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, kupitia kwa chifu, na akiba ya mshahara wa marehemu ililipwa kwa aliyemwandikisha kuwa mrithi wake. Nani aliitwa bomani? Baba yake, au mke? Jina la aliyeitwa ndilo linaloweza kuwa limeandikwa kule kwenye orodha ya Tume.

Na karatasi hiyo usiikunjue na kuikunja tena. Kwenye mkunjo ndiko siku ilikofutika, na namba nayo itafuata. Ilaze bapa ndani ya kitabu kizito. Ipige picha mbele na nyuma kwenye mwanga wa dirisha ukiwa umeinamisha simu pembeni. Mashine ya chapa iliuma karatasi, na mwanga wa ubavuni mara nyingi huonyesha tarakimu ambayo wino umeshaiacha. Ukiisoma siku hiyo, niandikie.